Ufunguo Uliotundikwa Msumarini

Haya nimeambiwa na Wavinya, mke wa Musyimi, tukipura ndengu kwake mwezi wa pili mwaka huu. Mengine niliyaona mwenyewe, kwa sababu hata mimi huchota maji kwenye kisima chetu hapa Kalamba. Mahali sikuelewa nilimuuliza, naye akanieleza polepole mpaka nikashika. Na mimi nayaandika polepole, ili wewe pia ushike.

Kisima chetu kina pampu ya sola. Jua likiwaka, maji yanapanda kwenye tangi, na kioski kinafunguliwa. Mawingu yakikaa, au pampu ikigonjeka, hakuna maji. Mashine ilichimba kisima, lakini mtaro wa bomba tuliuchimba sisi kwa mikono, kwa mwethya. Mwethya ni kazi ya pamoja. Leo tunalima kwako, kesho kwangu. Kikundi chetu kinaitwa Wendo, maana yake upendo, na jina hilo limeandikwa kwa rangi ya buluu kwenye ukuta wa kioski.

Ufunguo wa chumba cha pampu hutundikwa kwenye msumari, nyuma ya mbao ya dirisha. Kila mtu wa Wendo anaujua msumari huo. Anayefika kwanza asubuhi anafungua na kuwasha. Tangu tuanze hakuna kitu kimepotea, na hakuna mtu amewahi kumwuliza mwenzake ufunguo uko wapi.

Shida yetu ilikuwa watu wa mbali. Mama yake Wavinya, Kasiva, anakaa ng'ambo ya mto wa mchanga. Alikuwa anaamka kukiwa bado giza, anampakia punda wake mitungi, anatembea mpaka hapa, na mara nyingine anakuta kioski kimefungwa. Punda huyo anaitwa Dereva. Kasiva husema ndiye anajua njia, yeye mwenyewe ni abiria tu.

Wavinya ni katibu wa kikundi. Alikuwa anamhurumia mama yake, na wengine kama yeye. Akamwambia Musyimi, ambaye alisomea kompyuta kidogo, awatengenezee ukurasa wa intaneti. Ukiufungua kwa simu unaona neno moja kubwa, MAJI YAPO au MAJI HAYAPO, na chini yake saa ya kufungua na zamu za watu. Musyimi aliangalia video, akafuata, na ukurasa ukafunguka. Watu walifurahi. Kasiva akaanza kulala mpaka kupambazuke. Muthoki, ambaye ulimi wake unajulikana hapa kwetu, alisema sasa hata punda wanasoma.

Halafu ikafika mwezi wa tisa, wakati wa kiangazi kikali. Siku moja asubuhi pampu ilikohoa ikanyamaza. Wavinya alikimbilia simu ili aandike MAJI HAYAPO. Ukurasa ukamkataa. Ukamwambia neno la siri si sawa. Akajaribu tena, ikawa ni hivyo hivyo. Akauliza kwenye WhatsApp ya kikundi nani amebadilisha neno. Kila mtu akaapa si yeye. Musyimi naye akajaribu kwa njia ya fundi, na yeye akafungiwa nje. Ukurasa ulikuwa mzito kama gari la mawe, na chini yake palikuwa pametokea picha za kamari na wasichana wanaocheka. Lakini juu kabisa maneno yalibaki yale ya jana, MAJI YAPO LEO.

Wavinya alimpigia mama yake. Simu haikushikwa. Kasiva alikuwa ameangalia ukurasa mapema, akaiacha simu kwa jirani ichajiwe, akaondoka.

Watu walikuja na punda na mikokoteni. Walifika, wakaona kufuli, wakaanza kunung'unika. Kasiva alifika jua likiwa juu ya kichwa. Dereva alipofika kwenye lango la kioski alipiga magoti, akalala chini na mitungi yake, akakataa kuamka. Wavinya alileta maji yote yaliyobaki kwake nyumbani. Punda akanywa, kisha Kasiva akanywa yaliyosalia. Aliomba punda apewe kwanza.

Wavinya aliomba msamaha. Mama yake hakumkaripia. Alipangusa mdomo, akasema, "Zamani nilikuwa najua kwamba sijui. Nilikuwa nakuja nikiwa tayari kurudi bure. Leo nimekuja nikiamini."

Wavinya ananiambia maneno hayo yalimuuma kuliko tusi.

Mwenyekiti Mulei alikuwa hapo, amesimama na fimbo yake. Alisema mambo ya simu yamedanganya wazee mbele ya macho yake, na Jumamosi kwenye mkutano ataomba ukurasa ufungwe kabisa. Watu wengi wakaitikia. Na Kasiva alisema, bila hasira, kwamba kuanzia kesho ataamka gizani kama zamani. Hapo ndipo Wavinya alijua ana siku chache tu za kuurudisha ukurasa, na za kurudisha imani ya mama yake.

Alienda kwa Gakenia. Huyu ni mke wa kijana wa Nzuki, jirani yetu. Wazazi wake ni watu wa Kirinyaga waliokuja Kambu kufanya biashara kando ya barabara ya Mombasa, naye alizaliwa huko, kwa hivyo Kikamba chake ni kizuri kuliko cha vijana wengine wa hapa. Kazi yake ni kuangalia kompyuta za makampuni, na anaifanya akiwa kwa nyumba ya mkwe wake. Tunamtania kwamba hajui kupika muthokoi. Yeye husema mahindi ya kukobolewa ni mahindi yaliyoibiwa nguo.

Alimsikiliza Wavinya mpaka mwisho. Kisha akamwita Musyimi, akamwambia kwanza wazime ile seva. Wavinya akauliza seva ni nini hasa, kwa sababu alikuwa analisikia neno hilo kila siku na kuona haya kuuliza.

Gakenia hakucheka. Alisema seva ni kompyuta kama nyingine, ila haizimwi, na kazi yake ni kujibu. Ni kama yule anayekaa ndani ya kioski. Watu wanakuja dirishani wanaomba, yeye anawapa. Ukifungua ukurasa wa Wendo, simu yako imeenda dirishani kuomba, na seva imekujazia mtungi. Ile yao wameikodi, iko mbali, lakini wenye kuitunza ni wao.

Musyimi aliingia kwenye akaunti ya kampuni iliyowakodishia. Ilikuwa na neno la siri lingine, na wezi hawakuwa wamelipata. Akazima seva. Ukurasa ukawa mweupe, hauna kitu.

"Afadhali inyamaze kuliko idanganye," Gakenia akasema. "Sasa niambieni, mlikuwa mnaingiaje?"

Musyimi akaeleza. Kulikuwa na neno moja la siri, wendo, na mwaka wa kikundi mbele yake. Neno hilo lilikuwa la kuandika matangazo na pia la fundi, na wote waliingia kwa jina la root. Alikuwa ameliweka kwenye WhatsApp ya kikundi, ili yeyote atakayefika kwanza aweze kuandika.

"Root ndiye mwenye mji," Gakenia akamwambia Wavinya. "Akisema bomoa nyumba, nyumba inabomolewa, haulizwi. Na nyinyi kikundi kizima mlikuwa mwenye mji."

"Tulifanya kama ufunguo wa pampu," Wavinya akasema.

"Najua. Na kwa pampu ni sawa. Msumari ule anaupita nani? Mimi, wewe, Muthoki na mbuzi wa Nzuki. Lakini mlango wa intaneti unapitwa na dunia nzima. Na neno lenyewe mmeliandika ukutani kwa rangi."

Wavinya alikuwa na swali ambalo lilikuwa limemkaa rohoni. Wao ni watu wa Kalamba. Hawana mali ndani ya ukurasa, ni habari ya maji tu. Nani atahangaika kuwaibia?

Gakenia akamwuliza, mwizi wa punda anataka nini, mitungi au punda? Wavinya akasema punda, bila shaka. Gakenia akasema basi ndiyo hiyo. Hawataki habari yenu. Wanataka punda wenu awabebee mizigo, matangazo yao ya kamari na barua zao za ulaghai. Na hawawajui nyinyi. Wana kompyuta zinazopita mlango kwa mlango mchana na usiku, zinajaribu maneno rahisi, jina la kikundi, jina la mji, mwaka. Mlango ukifunguka, wanabadilisha kufuli na mwenyewe anabaki nje.

Musyimi alitaka kuiwasha tena, atafute uchafu, autoe. Gakenia akakataa. Alisema mwizi akishalala ndani ya nyumba hujui ametoboa wapi. Unaweza kuziba mahali na kuacha kwingine. Seva iliyoingiliwa haipanguswi. Unaanza mpya, na kutoka ile ya zamani huchukui chochote ila unachokijua kwa uhakika.

Kisha akauliza nakala ya ukurasa iko wapi. Zamu za familia zote, na majina ya wagonjwa na wazee wanaochota kwanza, Wavinya alikuwa ameyaandika kwenye ukurasa huo tu.

Musyimi akakuna kichwa. Alisema mwezi uliopita mkewe alimwambia afute vitu kwenye kompyuta yake ya nyumbani, kwa sababu imejaa. Alimkubalia, lakini hakufanya. Ukurasa wote wa mwezi uliopita ulikuwa bado humo.

Wavinya anasema katika ndoa yao hiyo ndiyo siku ya kwanza amewahi kumshukuru kwa uvivu. Gakenia alicheka mpaka akashika mlango. Lakini akamwambia bahati si mpango. Mbegu za ndengu unaweka nyingine kwa dada yako, ili wadudu wakiingia ghala lako usibaki mikono mitupu. Nakala ni vivyo hivyo. Ikae mahali pengine mbali na seva, itoke yenyewe kila siku bila kungoja mtu akumbuke, na mara kwa mara uifungue uone kama inafunguka. Mbegu ambayo hujawahi kujaribu kuiotesha huwezi kuitegemea.

Basi wakaanza. Walikodi seva mpya na kuifuta ile ya zamani. Kitu cha kwanza Gakenia alimwonyesha Musyimi ni kuiletea marekebisho mapya, na kuiambia iwe inajiletea yenyewe. Programu ni kama nyumba ya udongo, alisema, kila mara nyufa zinaonekana, na watengenezaji wanatuma udongo wa kuziba. Usipopaka, nyufa zinabaki, na wezi wanazijua.

Kisha wakamfungulia Musyimi jina lake mwenyewe ndani ya seva, na jina la root likafungwa lisiingiwe kutoka nje. Musyimi akihitaji nguvu za mwenye mji, anaziomba akiwa ndani, kwa kazi ile tu, halafu anaziacha.

Kuhusu mlango wa fundi, waliacha neno la siri wakatumia ufunguo. Wavinya aliuliza tofauti iko wapi, nami nilimwuliza vilevile. Kompyuta yako inatengeneza vitu viwili vinavyokwenda pamoja, kufuli na ufunguo wake. Kufuli unaipeleka kwenye seva, na hata mtu akiiona si neno. Ufunguo unabaki kwenye kompyuta yako, hautumwi kwa mtu, hautumwi hata kwa mume. Nao wenyewe unaufungia kwa neno refu. Neno la siri mtu anaweza kulibahatisha. Ufunguo huo haubahatishwi.

Musyimi alikuwa na haraka ya kufunga ile njia ya zamani ya neno la siri. Gakenia akamshika mkono. "Usifunge mlango huu ukiwa ndani kabla hujajaribu ufunguo mpya. Fungua dirisha lingine la kompyuta, ingia kwa ufunguo. Ukiingia salama, ndipo ufunge. Watu wengi wamejifungia nje ya nyumba zao wenyewe." Musyimi akajaribu, na kweli mara ya kwanza ufunguo ulikataa, kwa sababu aliuweka mahali si pake. Kama angekuwa amefunga, wangeanza upya.

Baada ya hapo wakajenga ua. Seva ina milango mingi, na ile ya kwanza ilikuwa wazi yote, hata ule wa ghala la zamu, pale orodha zinapohifadhiwa. Ua huo mafundi wanauita firewall. Wao waliacha milango mitatu tu, miwili ya wananchi wanaokuja kusoma na mmoja wa fundi. Mwingine wowote, ukibisha hodi hakuna anayejibu. Na dirisha la wananchi wakaliwekea ile kufuli ndogo unayoiona kwenye simu juu ya ukurasa. Wavinya alisema anaiona kwenye kurasa za watu, hakujua ni ya nini. Gakenia akamwambia ni kama kibuyu kilichozibwa. Maji yakitoka kioskini mpaka kwako, hakuna mtu njiani wa kutia kitu ndani. Haina gharama, na inajiongezea muda yenyewe ikiwekwa vizuri. Lakini akamwonya kwamba kufuli hiyo haisemi mwenye kioski ni mtu mwema. Inasema tu njia ni salama.

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko kompyuta, nacho kilikuwa ni watu.

Gakenia alisema matangazo yaandikwe na watu wachache, kila mmoja kwa jina lake na neno lake, na wasiweze kufanya kitu kingine ila kuandika matangazo. Na kila mmoja athibitishe kwa namba inayotokea kwenye simu yake. Wavinya alijua Wendo hawatalipenda hilo. Atawaambiaje watu waliochimba mtaro pamoja kwamba ufunguo si wa wote?

Na ndivyo ilivyokuwa. Jumamosi tulikaa karibu na tangi. Kasiva alikuwa amekuja na Dereva, kwa sababu pampu ilikuwa imetengenezwa na alitaka maji. Alikaa nyuma. Wavinya alieleza yote, mwizi, milango, ufunguo. Alikubali mbele yetu kwamba ukurasa ulidanganya watu. Alipofika kwenye mambo ya majina, Mulei akainuka.

"Sasa unatunyima," akasema. "Hiki kitu ni cha mwethya. Kitu cha mwethya hakina mwenyewe. Leo mnatuambia wachache washike, sisi tuombe?"

Watu wakanung'unika, ndio, ndio. Wavinya akaniambia hapo aliona mambo yamekwisha.

Ndipo Muthoki akasema kutoka pale alipokaa, bila kusimama, "Mwenyekiti, mwethya kila mtu huja na jembe lake. Ni wewe tu tangu tuanze mtaro hujawahi kuja na lako. Ulichimba na langu mpaka mpini ukavunjika."

Tulicheka sana. Mulei mwenyewe alicheka, ingawa alijaribu kukaza uso. Muthoki akaendelea, sasa kwa sauti ya chini, kwamba kazi ni ya wote lakini jembe ni la mtu. Jembe la mtu likipotea, anatafuta lake, wengine wanaendelea kulima. Akamwuliza Wavinya kama ndivyo hizo funguo zilivyo.

"Ndivyo," Wavinya akasema. "Simu ya mmoja ikiibiwa, tunatoa jina lake peke yake. Wengine hawaguswi. Na tangazo baya likitokea, tutajua limetoka kwa nani."

Mulei alikwaruza chini kwa fimbo. Kisha akasema basi ukurasa usifungwe, ila yeye hahitaji jembe la simu, macho yake hayaoni herufi ndogo, apewe Muthoki. Lakini akataka ahadi. Siku ukurasa usipoweza kubadilishwa, uzimwe mara moja, usibaki na maneno ya jana. Gakenia akasema hilo ni jambo zuri, akaliongeza. Tangazo likikaa siku nzima bila mtu kuligusa, ukurasa unaandika wenyewe, HATUNA HABARI, PIGA SIMU KWANZA.

Nilimwangalia Kasiva. Alikuwa anafunga mitungi.

Ukurasa ulirudi, na kila siku ulisema kweli. Kasiva alikuwa akiuangalia, halafu anampigia bintiye simu kumwuliza kama ni kweli kwa mdomo wake. Wavinya anasema ni kweli, mwaitu, yaani mama yangu. Ndipo anatoka. Iliendelea hivyo mwezi wa tisa ukaisha, na mwezi wa kumi ukaanza.

Halafu siku moja fundi wa pampu akasema kesho asubuhi atasafisha mitambo ya sola, na maji yatafunguliwa saa sita mchana. Jua lilikuwa linazama. Wavinya aliandika MAJI HAYAPO ASUBUHI, YATAFUNGULIWA SAA SITA. Akaliona tangazo limetokea, na kufuli ndogo juu yake. Akakaa akingoja simu ya mama yake.

Simu haikulia. Musyimi alikula, akasema amechoka, akaenda kulala. Wavinya akaanza kuwaza kama mama yake hakuona, kama atatoka gizani tena. Akaweka simu kifuani. Usingizi ulimpitia hapo kwenye kiti, akingojea.

Kasiva alikuwa ameona. Alimweleza bintiye kesho yake saa sita, alipofika na Dereva na mitungi, wote wawili wakiwa na nguvu. Jioni ile alikuwa ameshaweka kamba za mitungi mlangoni kwa safari ya alfajiri. Akafungua simu, akasoma, akasoma tena. Alishika namba ya bintiye ili apige. Kisha akaona hakuna haja. Akazitundika kamba mahali pake, akamwongezea Dereva maganda ya ndengu, akafunga mlango, akajifunika blanketi, akalala.